Swali la Mkulima na Jibu la Waziri huko Arusha



Mara nyingi katika mikutano ya matawi, ushuru wa mchele unapozungumzwa, au bidhaa ya Mtanzania inapozuiwa mpakani, husimama mtu akasema, "Jambo hili liulizwe Arusha." Wengine hupiga makofi. Wengine hucheka, maana waona ya Arusha ni maneno matupu: waziri husimama, hujibu, hukaa, na mkulima hubaki pale pale alipokuwa.

Tumeonelea yafaa kueleza katika ukurasa huu mambo matatu: nini hasa hutokea waziri anapojibu maswali ya wabunge huko Arusha, jibu lake lina nguvu gani, na mkulima wa karafuu afanye nini ili swali lake lisipotee njiani. Anayepiga makofi na anayecheka wote wana sehemu ya haki.

SISI NA ARUSHA TUNA NINI?

Karafuu zetu nyingi hupanda meli zikaenda Bara Hindi, Indonesia na Uarabuni. Hazipiti Arusha. Basi mtu aweza kuuliza kwa nini tujishughulishe. Jibu limo chunguni. Mwenye mikarafuu hali karafuu. Hula wali, na mchele mwingi unaoliwa visiwani hutoka ng'ambo.

Tangu tarehe 1 Januari 2005, ulipoanza Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ushuru wa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya hauwekwi na nchi moja peke yake. Huwekwa kwa pamoja. Bidhaa za kawaida zimepangwa kwa ngazi: zisizotozwa kitu, za asilimia 10, za asilimia 25 na, tangu Julai 2022, za asilimia 35. Lakini mchele umo katika orodha ya bidhaa zinazoitwa nyeti, na kiwango chake cha pamoja ni asilimia 75 ya thamani, au dola 345 za Marekani kwa tani, kile kilicho kikubwa ndicho kitozwacho. Nchi ikitaka kutoza vingine, huomba ruhusa kwa mawaziri wenziwe, na ruhusa ikitolewa hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya kwa muda wa mwaka mmoja.

Kwa hiyo bei ya kilo ya mchele dukani Wete au Mkoani, tena katika ile miezi ya njaa kabla ya kuchuma, imeguswa na mkono wa watu waliokaa mezani mbali na hapa. Mtu akiigusa bei ya chakula chako, una haki ya kumwuliza kwa nini.

NYUMBA YENYEWE

Mji wa Arusha uko chini ya Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, na miteremko yake imejaa migomba na mibuni ya Wameru na Waarusha. Mkulima wa kahawa wa huko na mkulima wa karafuu wa kwetu ni ndugu kwa shida: wote hupanda mti unaomngojesha mtu miaka, na bei ya mavuno yao huamuliwa mbali na shamba.

Baraza la kwanza la kutunga sheria kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki lilianza mwaka 1948 huko Nairobi, zamani za Waingereza. Lilikuwa la Kenya, Uganda na Tanganyika. Unguja na Pemba hazikuwamo. Tuliingia katika mambo haya kwa mlango wa Muungano wa 1964. Mwaka 1967 nchi tatu zilitia sahihi Mkataba wa Kampala, na makao ya Jumuiya yakawekwa Arusha. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, na mapatano ya kugawana mali zake hayakutiwa sahihi mpaka 1984.

Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kufanya kazi tarehe 7 Julai 2000. Walioutunga waliandika mwanzoni mwake sababu zilizoiua Jumuiya ya kwanza, na mojawapo ni kwamba wafanya biashara na vyama vya wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Basi chama kama chetu kikiuliza swali, hakijipenyezi mahali kisipoitwa. Kinafanya jambo ambalo kukosekana kwake kulihesabiwa kuwa sababu ya mauti.

Bunge la sasa lilianza kazi mwishoni mwa mwaka 2001, na Spika wake wa kwanza alikuwa Bwana Abdulrahman Kinana wa Tanzania. Mwaka 2012 ilifunguliwa nyumba mpya ya Jumuiya mjini Arusha, na ukumbi wa Bunge umo humo.

NANI HUKAA HUMO?

Kila nchi huleta wabunge tisa. Nchi zilianza tatu. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, na Somalia 2024. Nane mara tisa ni wabunge 72. Hatuwapigii kura sisi wenyewe. Huchaguliwa na Bunge la kila nchi, wala hawawi miongoni mwa wabunge wa Bunge hilo. Muda wao ni miaka mitano.

Zanzibar si mwanachama wa Jumuiya kwa jina lake; imo ndani ya Jamhuri ya Muungano. Lakini Bunge la Dodoma likichagua wale tisa, hutenga nafasi kwa watu wa Zanzibar. Hao ndio mlango wetu wa karibu, na kila katibu wa tawi yafaa ayajue majina yao kama ajuavyo jina la sheha wake.

Pamoja na wabunge hao hukaa mawaziri wanaoshughulikia mambo ya Afrika Mashariki katika kila nchi, Katibu Mkuu wa Jumuiya na Mwanasheria wake. Mawaziri huhudhuria, husema na hujibu, lakini hawapigi kura.

SWALI LINAVYOKWENDA

Mbunge huandika swali lake akalipeleka ofisi ya Katibu wa Bunge. Hutazamwa kama linafuata kanuni, kisha hupelekwa kwa Baraza la Mawaziri, na watumishi wa Jumuiya hutafuta khabari na kuandaa jibu. Siku ikifika, swali huonekana katika karatasi ya shughuli za siku hiyo. Mwenyekiti wa Baraza la Mawaziri, au waziri mwingine kwa niaba yake, husimama akajibu. Wabunge huweza kuuliza maswali ya nyongeza, na hapo ndipo penye kazi, maana jibu la kwanza limeandikwa ofisini, bali la nyongeza hutoka kinywani.

Yote yaliyosemwa huandikwa katika taarifa rasmi ya Bunge. Jambo hili watu hulidharau, nalo ndilo kubwa. Neno la waziri barazani kwa watu hupeperuka, neno lake katika taarifa ya Bunge hubaki, na mwaka wa pili mbunge aweza kulishika mkononi akamwuliza, "Ulisema hivi, imekuwaje?"

KWA NINI JIBU HUWA JEPESI?

Katika Jumuiya ya kwanza walikuwako Mawaziri wa Afrika Mashariki, mmoja kwa kila nchi, na kazi yao ilikuwa Jumuiya. Sasa sivyo. Waziri anayejibu Arusha ni waziri wa serikali ya kwao, na uenyekiti wa Baraza huzunguka kutoka nchi hadi nchi. Naye anapojibu, hasemi kwa niaba ya nchi yake. Asema kwa niaba ya Baraza zima, na Baraza hilo huamua kwa kukubaliana. Kwa hiyo hawezi kuahidi lile ambalo wenziwe hawajalikubali. Ndiyo sababu mara nyingi twasikia kwamba jambo liko kwa wataalamu, au mashauriano yanaendelea. Huenda ikawa ni kukwepa. Huenda pia ikawa ndiyo kweli yenyewe.

Tazameni mchele. Mkulima wa mpunga wa Mbeya aomba ushuru uwe juu, asije akavunjwa na mchele wa ng'ambo. Mlaji wa Pemba aomba ushuru ushuke. Na hata kwetu wako wenye mabonde ya mpunga. Wote hawa ni watu wa nchi moja, na waziri wao ni mmoja. Mkiongeza nchi saba nyingine, kila moja na mkulima wake na mlaji wake, mtaona kwa nini ulimi wa waziri huwa mzito.

NAMNA NNE ZA MAJIBU

Mwanachama akisoma au akisikia jibu, alipime kwanza ni la namna gani.

La kwanza ni jibu la khabari: waziri ataja hesabu, tarehe, au jina la sheria. Hili ni jibu jema hata kama halitupendezi, maana laweza kuchunguzwa.

La pili ni jibu la ahadi yenye siku: kwamba ripoti fulani italetwa kabla ya mwezi fulani. Hili liandikwe katika daftari la tawi siku ile ile.

La tatu ni jibu la ahadi isiyo na siku: kwamba Baraza linalitazama jambo hilo. Hili si jibu bado. Dawa yake ni swali la nyongeza lenye neno moja: lini?

La nne ni jibu la kurudisha: kwamba jambo hilo si la Jumuiya, ni la nchi yenyewe. Mara nyingine ni kweli, na kosa ni letu tuliobisha mlango wa jirani. Tutalieleza hapa chini.

NGUVU NA MIPAKA

Wasidhani wanachama kwamba wabunge hao ni wa kupigia makofi tu. Mwaka 2005 mawaziri wa mambo ya sheria walifanya uamuzi juu ya miswada ambayo wabunge walikuwa wameileta kwa majina yao wenyewe, na shughuli ya miswada hiyo Bungeni ikakwama. Wabunge watatu, Calist Mwatela wa Kenya, Lydia Wanyoto wa Uganda na Isaac Sepetu wa Tanzania, ambaye jina lake lajulikana sana Zanzibar, walikwenda mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha pia. Mwaka 2006 Mahakama iliamua kwamba mkutano ule wa mawaziri haukuundwa kwa mujibu wa Mkataba, na kwamba mswada ukishaingia Bungeni, Baraza la Mawaziri haliwezi kuuondoa bila ya ruhusa ya Bunge. Na kweli Mkataba wasema kwamba maagizo ya Baraza huzifunga nchi na taasisi za Jumuiya, lakini hayalifungi Bunge, wala Mahakama, wala Mkutano wa Wakuu wa Nchi.

Lakini mipaka nayo iko. Bunge likipitisha mswada, hauwi sheria mpaka Wakuu wote wa Nchi waukubali. Sheria ya kuondoa vikwazo vya biashara visivyo vya ushuru ilipita Bungeni mwaka 2015, ikakubaliwa 2017. Sheria ya vituo vya pamoja vya mpakani ilipita 2013, ikakubaliwa 2016. Tena Bunge haliwezi kufanya kazi bila ya nusu ya wabunge wake wa kuchaguliwa, na katika nusu hiyo lazima iwemo theluthi ya wabunge wa kila nchi; nchi moja ikisusa, nyumba nzima husimama. Na mara kadhaa vikao vimeahirishwa kwa kuwa nchi hazikuleta michango yao kwa wakati.

Basi anayetaka dawa ya leo asiitafute katika swali. Mfano uko Namanga, mpakani kwa Kenya, kiasi cha kilomita 110 kaskazini ya Arusha, ambapo kituo cha pamoja kilifunguliwa na Marais wa nchi mbili tarehe 1 Desemba 2018. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, ikisema yana sumu ya kuvu, na malori yakasimama. Baada ya siku chache zuio liliondolewa kwa masharti: wenye mahindi waandikishwe, na mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumu haikuzidi kipimo. Mambo hayo yalitengenezwa na serikali zenyewe zikizungumza, si kwa swali la Bungeni.

Swali lina kazi nyingine. Moto ukisha kuzimwa, huuliza: kipimo kile kilifanywa na nani? Cheti hupatikana wapi, kwa siku ngapi, kwa fedha ngapi? Nani atazuia lisitokee tena? Leo ni mahindi, kesho yaweza kuwa pilipili manga, mdalasini, au mafuta ya makonyo. Bidhaa ya viungo huharibiwa jina kwa unyevu na kuvu kama mahindi, na anayengoja mpaka gari lake lisimamishwe amechelewa.

KILA SWALI NA MLANGO WAKE

Twarudi kwa jibu la kurudisha. Wanachama wengi wangependa bei ya karafuu iulizwe Arusha. Haifai. Ununuzi wa karafuu umewekwa chini ya sheria za Zanzibar, si za Jumuiya. Waziri wa Arusha ataturudisha nyumbani, na atakuwa na haki. Swali hilo mlango wake ni Baraza la Wawakilishi, Chukwani, kwa mwakilishi wa jimbo lako.

Mambo ya forodha na biashara ya nchi za nje ni ya Muungano, na msimamo wa Tanzania hutengenezwa kabla waziri hajapanda ndege kwenda Arusha. Anayetaka msimamo huo ubadilike aulize Dodoma, kwa mbunge wake.

Arusha ndiko kwa yale ambayo nchi zimeyafanya pamoja, au zimeahidi kuyafanya na hazikuyafanya: ushuru wa pamoja, viwango vya pamoja vya ubora, vikwazo vya mipakani, na haki ya raia wa nchi moja kwenda kufanya kazi au biashara katika nyingine, iliyoanza na Soko la Pamoja tarehe 1 Julai 2010.

Na ikiwa uamuzi wa serikali umevunja Mkataba wenyewe, uko mlango wa nne. Mtu yeyote akaaye katika nchi ya Jumuiya aweza kuupeleka uamuzi huo mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Lakini muda ni miezi miwili tu tangu uamuzi ufanywe au tangu aujue. Miezi miwili hupita upesi kuliko msimu wa kuchuma.

SWALI JEMA NA SWALI BOVU

Tuchukue mfano wa kubuni. Tawi moja lamwandikia mbunge: "Je, Serikali za Afrika Mashariki zawajali wakulima wa visiwani?" Waziri atajibu kwamba zawajali sana, na swali litakuwa limekufa. Hakuna atakayeweza kumshika.

Tawi jingine laandika: "Katika mwaka wa fedha uliopita, ni nchi zipi zilizoomba kutoza ushuru wa mchele tofauti na ule wa pamoja? Kila moja iliomba kiasi gani, na ni maombi mangapi yaliyokubaliwa?" Swali hili halina matusi wala malalamiko, lakini halijibiki kwa maneno matamu. Lataka hesabu. Na hesabu ikishatoka, mwakilishi wetu wa Chukwani na mbunge wetu wa Dodoma wataitumia pia, kila mmoja katika nyumba yake.

LA KUFANYA

Twaomba kila tawi lifanye haya. Kwanza, liandike maswali yake kwa ufupi, swali moja jambo moja, pamoja na tarehe na mahali lilipotokea. Pili, lichague mlango kabla ya kutuma: Chukwani, Dodoma, au Arusha. Tatu, liweke daftari la majibu, kurasa mbili: upande mmoja iliyoahidiwa, upande wa pili iliyotendwa. Nne, lisione haya ya lugha. Mazungumzo ya Arusha yamekuwa yakiendeshwa kwa Kiingereza, ingawa mwaka 2021 Wakuu wa Nchi walikubali Kiswahili na Kifaransa vitumike pia kuwa lugha rasmi, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya yenyewe makao yake ni hapa Zanzibar. Jibu likija kwa Kiingereza, mwalimu wa skuli atalisoma mbele ya mkutano. Swali liende kwa Kiswahili chetu, na mbunge ndiye wa kulifasiri.

Anayecheka akisikia "liulizwe Arusha" ana haki, ikiwa baada ya kuuliza twalala. Jibu la waziri si sheria, wala si fedha mkononi. Ni deni lililoandikwa, na deni halilipwi ila kwa mwenye kulidai. Sisi wenye mikarafuu twajua kungoja: mche hupandwa leo, na aliyeupanda huenda akachuma mtoto wake. Lakini hatujapata kusikia mkulima aliyepanda mche akaondoka asirudi kuupalilia, kisha akaja kuulalamikia kwamba hauzai.